Wembe Tunao, Mpini Umetupotea

Wembe wa makali mawili unauzwa katika kila duka la mtaani, kuanzia Horohoro mpaka Pangani. Fundi cherehani anafumulia mishono, mwanafunzi anachongea penseli, mama mjamzito anautia kwenye begi la vifaa vya kujifungulia. Kazi iliyofanya wembe huu uundwe, yaani kunyoa ndevu, ndiyo vijana wengi hawaijui tena. Wanaokaa kwenye kiti changu hapa Ngamiani, Tanga, hunyoa nyumbani kwa vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe mbili, tatu, hata tano, kisha wanakuja shingo imejaa vipele na kuniuliza dawa ya kupaka. Kabla ya kutaja dawa yoyote, huwauliza wananyolea nini.

Vipele vile vina sababu. Ndevu zetu nyingi ni za kipilipili, zinatoka kwenye ngozi zikiwa zimejipinda tayari. Kinyoleo cha nyembe mbili, ambacho kampuni ya Gillette ilikiingiza sokoni mwaka 1971 kwa jina la Trac II, kinafanya kazi hivi: wembe wa mbele unaushika unywele na kuuvuta kidogo, na kabla haujarudi, wembe wa nyuma unaukata. Unywele ukirudi, ncha yake inabaki chini ya usawa wa ngozi. Mwenye ndevu zilizonyooka hapati shida, unywele utachomoza kwa njia yake ileile. Wa kipilipili ncha yake ni kali na mwendo wake ni wa kujikunja, basi unaichoma ngozi ukiwa bado ndani. Mwili unaupokea kama mwiba, na hapo ndipo unapokuja uvimbe, muwasho na weusi usiokwisha.

Mashine ya wembe mmoja inakata unywele pale unapokutana na ngozi. Ndiyo maana naitetea. Lakini aliyekwisha kutoka vipele vya usaha asianze nayo leo: aache kunyoa hadi ngozi itulie, apunguze ndevu kwa mashine ya umeme bila kuzimaliza, na amwone daktari wa ngozi.

Mashine yenyewe tunadaiwa na Mmarekani, King Camp Gillette, aliyekuwa akizunguka kuuza vizibo vya chupa. Bosi wake William Painter, mvumbuzi wa kile kizibo cha bati cha soda, alimshauri atafute kitu ambacho mtu atakitumia, atakitupa, na atarudi kununua kingine. Wazo la wembe mwembamba lilimjia mwaka 1895. Kulitimiza kulichukua miaka, kwa sababu wajuzi wa chuma walishikilia kwamba bati jembamba namna ile haliwezi kushika makali. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyepata njia. Mwaka 1903 ziliuzwa mashine 51 tu. Mwaka uliofuata zilipita 90,000.

Ukiushika wembe mkononi utaona kwa nini ile kazi ilikuwa ngumu. Unene wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita, na unapinda kwa vidole. Mashine ndiyo inayoupa ukakamavu. Ile ya vipande vitatu, ambayo ndiyo ninayofundishia, ina kifuniko, kitako na mpini. Wembe unalala katikati, na ukikaza mpini, kifuniko kinaukunja kidogo juu ya kitako mpaka unasimama imara bila kutetemeka. Kingo ya kitako inatangulia mbele ya makali na kuizuia ngozi isiingie ndani sana. Wakati wa kuutia, ushike kwenye zile ncha fupi zisizo na makali.

Mpwa wangu nilianza kumfundisha siku za karibuni, na mafunzo yake yote yako kwenye mkono. Kinyoleo cha plastiki kimemzoesha kugandamiza, maana ni chepesi na hakikati mpaka ukisukume.

"Mjomba, hii haikati."

"Inakata. Legeza mkono, iache ishuke yenyewe."

Mashine ya chuma ina uzito wa kutosha kuifanya kazi hiyo. Shika mpini mwisho kabisa, kwa vidole, si kwa kiganja. Weka kifuniko kwenye shavu, mpini ukiwa umenyooka mbali na uso. Halafu ushushe mpini polepole mpaka usikie makali yamegusa; hapo ni kama nyuzi 30, na hapo ndipo pa kubaki. Vuta kidogo, urefu wa kidole gumba, suuza, rudia. Masikio yanasaidia. Pembe ikiwa sawa utasikia ndevu zikikatika, mlio mkavu, mdogo. Mlio ukinyamaza, mpini umeupandisha au umeushusha mno. Mpwa wangu alipoanza kuusikia mlio huo kwenye shavu, nilimwacha aendelee mwenyewe hadi taya. Kidevuni na juu ya mdomo nilimsimamia, kwa sababu pale mfupa unageuka ghafla na pembe inapotea.

Shingo inataka subira kuliko uso mzima. Kabla hujanyoa, acha ndevu siku mbili tatu, kisha zipapase kwa ncha za vidole kila upande. Upande unaoteleza ndio zinakolalia, upande unaokwaruza ndio kinyume chake. Kwa wanaume wengi, ndevu za chini ya taya huelekea juu au hukimbilia kikoromeo kwa mshazari, na anayeburuta wembe kutoka chini kwenda juu bila kujua anaweza kuwa anakwenda nazo au dhidi yake. Nyoa kwa kuzifuata. Wengine, hasa wenye nywele laini, hurudia kwa ubavu kisha kwa kinyume ili uso uwe kama wa mtoto. Mwenye kipilipili namkataza hilo, na namkataza pia kuivuta ngozi ikakaza, maana ukiiachia, ncha zinazama ndani. Kubaki na kivuli cha ndevu si aibu.

Maji ya uvuguvugu yatangulie, dakika mbili au tatu, au nyoa ukitoka kuoga. Unywele unakunywa maji na kulainika, na wembe haupambani nao. Povu la sabuni ya kunyolea lipakwe kwa burashi, kwa kuzungusha, ili ndevu zisimame. Muislamu aulize burashi imetengenezwa na nini, kwani nyingi za bei rahisi ni za nywele za nguruwe. Za nyuzi za kutengenezwa zipo na zinatoa povu zuri. Ukimaliza, maji baridi, kisha jiwe la shabu, lile jeupe la kung'aa, lilowanishwe na kupitishwa juu ya ngozi. Litawasha kidogo na litafunga mikwaruzo. Pafyumu isiguse hapo.

Kwa ndevu ngumu wembe mmoja unanyoa mara tatu hadi tano, halafu unaanza kuvuta; badilisha mara moja, kwani bei yake ni ya sarafu. Baba na mwana wanaweza kuchangia mpini uliooshwa vizuri, wembe hawawezi: virusi vya homa ya ini aina ya B hudumu hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na mkwaruzo usioonekana unatosha kuvipitisha. Wembe uliokwisha usiutupe kwenye taka za jikoni. Toboa ufa mwembamba kwenye kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, tumbukiza humo, weka juu ya kabati watoto wasipofika, na likijaa ligonge ule ufa kwa nyundo uzibe, ndipo ulitoe nje.