Homoni Bila Kipimo

Mwishoni mwa miaka ya 1940, kijana mmoja wa New York aliyetoka jeshini alikuwa akisomea kazi ya usaidizi wa tabibu. Vitabuni alikutana na habari za homoni, na kabla hajampata daktari wa kumtibu akaanza kumeza peke yake vidonge vya ethinilestradioli, homoni ya kike iliyotengenezwa maabara. Mwaka 1950 alivuka bahari hadi Copenhagen, Denmark, akampata mtaalamu wa homoni aitwaye Christian Hamburger. Tarehe 1 Desemba 1952 gazeti la Daily News la New York lilitangaza ukurasa wa mbele kuwa amebadili jinsia na kuwa mwanamke, na dunia ikamjua kwa jina la Christine Jorgensen.

Watu wengi wanakumbuka picha zake na upasuaji aliofanyiwa. Kwangu, la maana zaidi lilitokea maabara. Hamburger hakumpa dawa kisha akamwacha aende zake. Alikusanya mkojo wake, akapima homoni zilizomo, na matokeo hayo ndiyo yaliyomwongoza katika tiba. Estrojeni, yaani homoni za kike, Jorgensen alishaanza kuzitumia tangu New York. Alichokuwa hana kule ni mtu wa kumpima.

Habari ilipoenea, Hamburger alipokea barua kutoka kwa watu 465 waliotaka kubadili jinsia. Daktari mmoja, watu 465. Tangu siku hizo wahitaji wamekuwa wengi kuliko milango iliyo wazi, na anayekuta mlango umefungwa hujitafutia njia. Utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa robo ya waliokuwa wakitumia homoni waliwahi kuzipata nje ya mfumo wa tiba. London nako, mwaka mmoja baadaye, madaktari waliripoti kuwa karibu mmoja kati ya kila wanawake wanne waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa wa kiume, alifika kliniki mara ya kwanza akiwa tayari anajitibu, wengi wao kwa dawa za kuagiza mtandaoni. Thailand, ambako vidonge vya kupanga uzazi huuzwa dukani bila cheti cha daktari, wengi huanza navyo tangu ujana.

Na vidonge hivyo viko kwetu pia. Vidonge vya majira vinapatikana katika maduka ya dawa ya Tanzania na Kenya, mijini na vijijini, kwa bei ambayo hata asiye na kazi anaimudu. Ndiyo maana nataka kuizungumzia molekuli iliyomo ndani yake, ile ile aliyoimeza Jorgensen.

Ethinilestradioli ilibuniwa mwaka 1938 na Hans Inhoffen na Walter Hohlweg wa kampuni ya Schering, Berlin. Walikuwa na tatizo la kweli la kutatua. Estradioli, homoni inayotengenezwa na ovari, ikimezwa haifiki mbali. Chochote unachomeza, kikishafyonzwa utumbuni, hupelekwa na mshipa mkubwa hadi kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini ni kama forodha: kila mzigo lazima upite hapo, ukaguliwe, na mwingine uvunjwe papo hapo. Sehemu kubwa ya estradioli huishia hapo. Inhoffen na Hohlweg waliongeza kipande kidogo cha kaboni mahali hasa ambapo vimeng'enya vya ini huanzia kazi ya kuivunja. Homoni ikapita, ikawa na nguvu kwa dozi ndogo mno, na miongo miwili baadaye ikawa nguzo ya vidonge vya kupanga uzazi.

Kile kilichoifanya ifaulu ndicho kilichoifanya iwe hatari. Isipovunjwa upesi, inazunguka na kurudi kwenye ini tena na tena. Na ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu. Likichochewa na estrojeni isiyovunjika, hutoa kwa wingi zile zinazogandisha na kupunguza zile zinazozuia kuganda. Mizani ikiegemea upande mmoja, bonge la damu linaweza kujijenga ndani ya mshipa wa mguu bila jeraha lolote. Bonge hilo likikatika, husafiri na damu kupitia moyo hadi mapafuni, na huko linaweza kuua kwa dakika chache.

Waliotufundisha haya kwa watu waliobadili jinsia ni madaktari wa Amsterdam, katika kliniki iliyoanza kuwatibu watu hao miaka ya 1970. Nao walitumia ethinilestradioli, kwa kawaida mikrogramu 100 kwa siku, mara tatu ya kiasi kilicho katika kidonge cha kawaida cha majira cha leo. Mwaka 1989 walichapisha hesabu zao: kati ya wanawake 303 waliobadili jinsia, matukio ya damu kuganda yalikuwa mara 45 ya yale yaliyotarajiwa kwa watu wa umri wao. Mwaka huo huo wakaanza kuwapa waliozidi miaka 40 estradioli ya kubandika kwenye ngozi, inayoingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini. Ripoti yao ya mwaka 1997, yenye wanawake 816, ilionyesha kuwa hatari bado ilikuwa mara 20, lakini ilijikusanya zaidi kwa watumiaji wa ethinilestradioli. Kisha mwaka 2003 walipima damu yenyewe na kuona kwamba ethinilestradioli huibadilisha sana kuelekea kuganda, huku estradioli ya kawaida, ya kumeza au ya kubandika, ikiibadilisha kidogo tu. Leo mwongozo wa Jumuiya ya Endokrini ya Marekani unawaonya madaktari wasiitumie kabisa ethinilestradioli kwa tiba hii.

Tafadhali msomaji, zingatia hili. Hao walikuwa mabingwa, wakiwa na maabara na hospitali ya chuo kikuu, na bado dawa waliyoichagua iliwaumiza wagonjwa wao. Kilichowaokoa waliofuata ni daftari. Walihesabu, wakaona, wakabadili. Anayejitibu chumbani kwake anatumia dawa ile ile iliyoachwa Amsterdam, pengine kwa dozi ile ile, na hakuna anayehesabu.

Anayemeza vidonge vya majira kadhaa kwa siku ili apate sura ya kike anaongeza hatari nyingine juu ya hiyo. Vingi vya vidonge hivyo vina pia levonorgestreli, homoni ambayo kwa dozi kubwa ina tabia kidogo za kiume. Yaani analipia hatari, na sehemu ya alichokinunua inampinga. Akiwa mvutaji sigara, mwenye shinikizo la damu, au mwenye siko seli, ugonjwa tunaoujua vizuri pwani na kanda ya Ziwa Victoria, damu yake au mishipa yake ilikwishakuwa hatarini kabla ya kidonge cha kwanza.

Wengi huongeza dozi kwa sababu ya haraka. Naielewa haraka hiyo: mtu aliyesubiri miaka kumi hataki kuambiwa asubiri tena. Lakini mwili hauharakishwi hivyo. Matiti huanza kukua baada ya miezi mitatu hadi sita na hufikia kikomo baada ya miaka miwili au mitatu. Seli za matiti zina vipokezi vya homoni, na vikishajaa, homoni ya ziada haina pa kufanyia kazi isipokuwa kuendelea kulisumbua ini na damu.

Kuna pia dawa za kuzima testosteroni, homoni ya kiume. Spironolaktoni ni dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu, inayofanya figo zitoe maji na kubakiza potasiamu. Kwa mwenye figo nzima, anayepimwa damu, kwa kawaida si tatizo. Kwa mwenye figo dhaifu asiyejijua, au anayetumia pamoja nayo dawa nyingine za presha kama enalapril au losartan, potasiamu inaweza kupanda hadi mapigo ya moyo yakavurugika, na haitoi dalili ya kutegemewa kabla ya hapo. Kipimo cha damu ndicho njia pekee ya kuijua.

Saiproteroni, inayotumika sana Ulaya na Asia, ina hadithi nyingine. Wanasayansi wa Ufaransa waliwafuatilia wanawake waliokuwa wakiitumia kwa dozi kubwa na wakaona hatari ya meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo, ikipanda mara saba, na zaidi ya mara 20 kwa waliofikisha jumla ya gramu 60 kwa miaka. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikabana matumizi ya dozi za miligramu 10 na zaidi kwa siku. Mtu aliyepewa ushauri na rafiki kabla ya hapo, kwa dozi za zamani, anaweza kuwa bado anaendelea nazo.

Kosa jingine halisemwi sana: kuzima testosteroni na kukosa estrojeni ya kutosha. Mifupa ya mtu mzima inahitaji mojawapo. Ikikosa zote mbili kwa miaka, inapungua ugumu.

Kwa wanaume waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa wa kike, testosteroni inachochea uboho kutengeneza seli nyekundu, na damu inakuwa nzito. Uholanzi, kati ya wanaume 1,073 waliofuatiliwa, asilimia 11 walivuka kiwango cha seli nyekundu cha nusu ya ujazo wa damu, na hao walikuwa chini ya uangalizi. Damu ikipimwa, dozi hupunguzwa au muda kati ya sindano na sindano hubadilishwa, na jambo linakwisha. Testosteroni pia haizuii mimba, hata kama hedhi imekoma, na ikimkuta mtoto tumboni inaweza kumdhuru. Vidonge vya methiltestosteroni, vinavyouzwa kama vya kujenga misuli, vinajulikana kwa kuumiza ini. Sauti ikishakuwa nzito haitarudi ilivyokuwa, kwa hiyo si dawa ya kujaribia.

Sindano za kugawana huleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini, iwe ndani mna dawa gani. Na ndani mwenyewe hujui mna nini: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni hafifu au bandia.

Kwa Afrika Mashariki nina wasiwasi wa pekee kuhusu kifua kikuu. Rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo, hulifanya ini livunje ethinilestradioli na estradioli kwa kasi kubwa. Anayejitibu kwa siri ataona mabadiliko yamerudi nyuma, ataongeza vidonge. Akimaliza dozi ya kifua kikuu, kasi ya ini inarudi kawaida ndani ya wiki chache, na vile vidonge alivyoongeza vinamlemea vyote kwa pamoja. Efavirenzi, ARV iliyotumika sana miaka iliyopita, ina athari kama hiyo kwa kiasi kidogo. Dolutegravir, iliyoshika nafasi yake Tanzania, Kenya na Uganda, haina mgongano huo, na ni habari njema ambayo wengi hawajaambiwa: wapo wanaoruka ARV wakihofia zitaharibu kazi ya homoni. Hakuna sababu ya kuchagua moja.

Basi kwa nini hawaendi hospitali? Kwa sababu wanaogopa, na mara nyingi hofu yao ina msingi. Uganda, sheria ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga iliwataka watu wawaripoti wengine polisi, na ingawa Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho Aprili 2024, hofu haifutwi na hukumu. Kenya mambo yamesogea kidogo: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina la Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, katika cheti chake cha shule. Lakini cheti si kliniki, na madaktari wa homoni kwetu ni wachache hata kwa wagonjwa wa kisukari na tezi.

Kumwambia mtu aache tu nako si tiba. Mwaka 2011 wale wale wa Amsterdam walichapisha ripoti ya vifo. Kati ya wanawake 966 waliobadili jinsia, waliokuwa bado wanatumia ethinilestradioli walikuwa na hatari mara tatu ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Ripoti hiyo hiyo inaonyesha kuwa kujiua kulichangia vifo vyao kwa kiasi kikubwa. Anayefukuzwa kaunta kwa maneno makali hataacha kidonge. Atakwenda duka la pili.

Kwa hiyo nawaomba wafamasia na waganga wa zahanati: mtu akija na swali la homoni, mpime presha, muulize sigara, siko seli na dawa nyingine, mwandikie kipimo cha ini, figo, potasiamu na wingi wa damu. Vingi kati ya vipimo hivi hufanyika katika hospitali ya wilaya. Mwongozo wa Jumuiya ya Endokrini unataka vipimo kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha mara moja au mbili kwa mwaka. Kumpima mtu damu hakudai kwanza mkubaliane kuhusu maisha yake, na siri yake ni ya kutunzwa kama ya mgonjwa mwingine yeyote.

Na wewe unayetumia tayari: mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, au pumzi ikakatika ghafla, kifua kikachoma, ukakohoa damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwambie daktari ukweli wote wa unachotumia: kila kidonge, kila sindano, na dozi yake.