Shaba ya Lualaba na Wapangaji Wake
Sehemu ya Pili: Mtengeneza Vifaru

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali na mrithi wa Union Minière, ambayo hadi leo ina hati za maeneo mengi ya madini mkoani Lualaba. Leo tumtazame mpangaji mmoja ambaye wengi wanaishi jirani naye bila kumfahamu.

Huyu ni Norinco, shirika la serikali ya China lililoanzishwa mwaka 1980. Biashara yake kubwa ni silaha: vifaru, mizinga, makombora. Kundi hilohilo la viwanda huunda malori ya Beiben mjini Baotou, kwa ujuzi ulionunuliwa kutoka Daimler-Benz kwa mkataba wa mwaka 1988. Upande wa madini umekabidhiwa kampuni yake tanzu, Wanbao, yenye mgodi wa Pumpi hapa Lualaba na wa Kamoya kule Haut-Katanga.

Muunda vifaru anatafuta nini kwenye udongo wetu? Shika ganda la risasi la kawaida, lile la rangi ya dhahabu. Katika kila sehemu kumi za uzito wake, karibu saba ni shaba, zilizobaki ni zinki. Kobalti nayo huingia katika vyuma vinavyostahimili moto wa injini za ndege. Hata hivyo, tusidhani kwamba kila tani inayotoka Pumpi inageuka risasi. Mawe yanasagwa, yanalowekwa katika asidi hadi shaba iyeyuke, kisha umeme unaivuta na kuigandisha tabaka kwa tabaka juu ya sahani. Linalobanduliwa ni katodi, bamba jekundu lenye upana wa karibu mita moja, na bamba hilo likishavuka mpaka huweza kuwa waya wa nyumba, mota ya gari au ganda la risasi. Huo ndio uzito wake: mwenye kulimiliki ndiye anayeamua.

Ndiyo maana habari ya Juni 2024 iliwatikisa watu. Chemaf, kampuni ya madini iliyokopeshwa dola milioni 600 mwaka 2022 katika mpango ulioongozwa na wafanyabiashara wa metali Trafigura, ilitangaza kwamba inauzwa kwa Norinco pamoja na migodi yake ya Etoile, Lubumbashi, na Mutoshi, hapa Kolwezi. Gécamines ikapinga. Hoja yake ilikuwa ya mwenye nyumba: Mutoshi imepangishwa, na mpangaji hawezi kumwachia mwingine ufunguo bila idhini. Machi 2025 Chemaf ikatangaza kwamba mauzo yamevunjika.

Wapo waliosherehekea kwamba Mchina ameshindwa. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni kwamba karatasi ya Gécamines, ambayo kwa miaka mingi tuliiona kama kumbukumbu ya utajiri uliopita, ilisimamisha mkataba wa shirika la dola kubwa. Nguvu hiyo ingetumika vilevile kama mnunuzi angetoka Marekani au Uswisi, na inapaswa kutumika.

Mutoshi ina watu wengine pia. Kati ya 2018 na 2020 wachimbaji wa mikono, wanawake wakiwemo, waliingia humo kwa lango, wamevaa kofia na buti, ndani ya uzio wa mradi wa majaribio. Habari zao ni za wiki ijayo.