Daktari "kushinda" kortini si kusema hana kosa

Kila habari zikitoka kwamba Mahakama Kuu imefuta adhabu ya daktari, maskani zetu hugawanyika. Wako wasemao daktari kasafishwa, na wako wasemao jaji kahongwa. Mara nyingi wote wamekosea, na anayeumia ni familia ya mgonjwa, inayodhani shauri limekwisha.

Tuanze na nani humwadhibu nani. Malalamiko juu ya daktari au daktari wa meno huenda kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Wauguzi wana baraza lao. Maafisa wa kliniki nao wana lao, kwa sheria ya 2017. Huku kwetu kila avaaye koti jeupe ni daktari, na sina ugomvi na heshima hiyo. Lakini baraza likimwadhibu mtu asiyekuwa katika daftari lake, jaji atafuta uamuzi huo hata kama kosa lilikuwa wazi kama jua la saa saba.

Mahakama inapoombwa kupitia uamuzi wa baraza, swali lake kubwa ni hili: baraza lilifikaje hapo? Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa mujibu wa sheria na kwa utaratibu wa haki, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 ikafafanua zaidi. Je, mshtakiwa alipewa notisi mapema? Alionyeshwa ushahidi? Aliruhusiwa kuwahoji mashahidi? Aliyechunguza ndiye aliyekaa kuhukumu?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama amefariki baada ya kujifungua kwa upasuaji. Baraza linamsimamisha kazi daktari kwa kutegemea ripoti ya mtaalamu, na daktari mwenyewe hakuonyeshwa ripoti ile. Jaji akifuta adhabu hiyo, hajasema mama alihudumiwa vyema. Hilo hakuligusa. Anachoweza kufanya, na hufanywa, ni kulirudisha shauri kwa baraza lisikizwe upya. Familia isiyojua hilo hukaa nyumbani ikilia, na shauri likisikizwa tena, upande wao hauna mtu.

Najua inauma. Hata hivyo mimi naiunga mkono sheria hii. Hata kadhi hakati shauri kabla ya kusikiza upande wa pili, sembuse baraza linaloweza kumkatia mtu riziki yake.

Tena silaha hii si ya madaktari peke yao. Baraza likitupilia mbali malalamiko yenu bila maelezo, mna haki ya kudai sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 yasema mwenye mamlaka asipozitoa, itachukuliwa kuwa hakuwa na sababu nzuri mpaka athibitishe vyenginevyo. Hapo mna mlango wa kuingilia.

Ila milango yenyewe ni miwili, na kila mmoja una saa yake. Rufaa kutokana na uamuzi wa baraza la madaktari hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30, na humo jaji aweza kuubadilisha uamuzi wenyewe. Ombi la mapitio, likitaka uamuzi ufutwe kwa njia ya zamani ya Amri ya 53, lina miezi 6. Na kama kuna ngazi ya ndani ya baraza ambayo hamjaipanda, jaji aweza kuwarudisha muipande kwanza.

Kwa hivyo barua ya baraza ikifika, andikeni nyuma yake tarehe mliyoipokea na aliyeileta. Wakili atawauliza hilo kabla ya kuuliza habari za mgonjwa.