Kona ya Meza Haiponi kwa Supagluu

Swali limekuja tena, vilevile linavyokujaga: "Fundi, kona ya meza ya TV imemeguka. Nitangulize supagluu au bekingi soda?" Usitangulize chochote. Funga chupa, rudisha soda jikoni.

Nisionekane nina chuki: mchanganyiko ule unaganda kweli. Supagluu hukaza ikikutana na unyevu au kitu chenye alkali, na bekingi soda ni alkali. Ukidondosha tone juu ya ule unga, joto linapanda na baada ya sekunde chache una jiwe. Video za mtandaoni zinazofundisha hivyo huishia hapo. Mimi huletewa meza baada ya hapo.

Kwa sababu jiwe hilo lazima lisawazishwe, na hapo ndipo watu huchukua msasa. Ni gumu kuliko chipbodi inayolizunguka, kwa hiyo msasa hauli jiwe, unakula jirani yake. Na jirani huyo ni mnyonge mno. Unachokiona juu ya meza ukadhani ni mninga ni karatasi iliyochapwa picha ya mninga, ikaloweshwa melamini na kubandikwa juu ya bodi. Unene wake haufiki robo ya milimita. Sugua kidogo tu, mistari ya mbao inapauka. Endelea, rangi ya chipbodi inachungulia. Ulianza na pengo la ukubwa wa ukucha, sasa una baka la kiganja, nalo halirudishwi kwa vanishi wala kwa rangi ya viatu (ndiyo, nimeletewa na hiyo). Kuna wanaobadilisha soda kwa pamba. Hao wanacheza na hatari: supagluu ikilowa kwenye pamba hutoa joto la kuunguza vidole na mvuke unaowasha macho.

Tena hata hilo jiwe likikaa, hakuna aliyeuliza kwa nini kona imemeguka. Kona za juu hugongwa. Za chini huharibiwa na deki: tambara linapita kila asubuhi, maji yanapenya palipobanduka ukingo, chipbodi inavimba na punje zake zinaachana. Ikishavimba hairudi, hata uianike juani mwezi mzima. Chochote utakachobandika juu yake kitang'oka pamoja na punje zake.

Sasa yanayofaa, na fanya upesi kabla maji hayajakutangulia. Pengo dogo la juu: nta ya samani ya rangi inayofanana, ikande ijae, kwangua ziada kwa ukingo wa kadi ya plastiki, basi. Kona iliyoondoka: ikauke kabisa, ondoa punje zilizolegea, zungushia selotepu ya karatasi kulinda melamini. Tengeneza ukuta kwa vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa karatasi ya polithini, kwani gundi ya mirija miwili (epoksi) haishiki polithini. Changanya gundi hiyo sawa kwa sawa, jaza. Isubiri ikaze nusu, bado inakubali kisu, uchonge umbo hapo hapo. Msasa ubaki wa kumalizia tu, namba 240, ndani ya selotepu. Paka rangi, chora mistari kwa kalamu ya kugusia samani. Ukingo uliobanduka: utepe wa ukingo wenye gundi yake, pasi kavu isiyo na mvuke, karatasi katikati. Huna subira? Kofia ya kona ya plastiki au alumini inaficha kila kitu na haidai ufundi. Za chini, weka miguu ya plastiki bodi isiguse sakafu, na tambara likamuliwe.

Ila kona ikiwa imevimba hadi skrubu ya mguu inacheza tunduni, usijaze kitu. Fungua ubao huo, chukua vipimo, ukakatiwe kipande kipya dukani wanakouza bodi. Wape na kazi ya kuziba kingo zote nne, pamoja na ule wa chini ambao hakuna atakayeuona.