Mabaki ya Mionzi katika Udongo wa Singida

Wananchi wanafahamishwa kuwa vumbi la mionzi la majaribio ya mabomu ya nyuklia, yaliyoshitadi kabla ya mkataba wa mwaka 1963, lilishuka kwa mvua hata katika nchi zisizolipua bomu lolote. Mkoa wa Singida nao ulipata fungu lake, ingawa dogo kuliko la kaskazini ya dunia.

Kilichobakia zaidi ni seziamu-137, ambayo hupungua nusu kila miaka 30. Udongo wa mfinyanzi huinasa barabara, hata maji hayaiondoi ila yauchukue udongo wenyewe; mchanga huishika kwa udhaifu.

Hapo ndipo mkulima anapohusika. Wapimaji huchimbua udongo kwa bomba, kwanza mahali pasipopata kulimwa wala kumomonyoka, kisha shambani. Shamba la mteremko likiwa na seziamu pungufu, rutuba yake imekwisha teremka bondeni. Lakini kiasi hutofautiana hata ndani ya uwanja mmoja, hivyo sampuli moja haiamui neno.

Urani ya Manyoni, iliyozua hofu isiyo haba, ni ya asili, wala haikutokana na mabomu. Mitambo huzipambanua kwa nguvu za miale yake.