Maji Yakirudi Nyuma Hubeba Sumu

Ukipita kando ya Ziwa Victoria wakati wa kiangazi, utasikia ngurumo za pampu. Wakulima wanavuta maji ya ziwa kumwagilia nyanya, mchicha na vitunguu. Kazi hiyo ni nzuri. Huwapa watu mboga na fedha. Lakini iko hatari moja ambayo wengi hawaijui. Ni hatari ya maji kurudi nyuma.

Tuseme mkulima anachanganya mbolea au dawa ya wadudu ndani ya pipa. Mpira wa pampu umezama ndani ya pipa hilo. Ghafla petroli inakwisha na pampu inazima. Shamba liko juu, ziwa liko chini. Maji yaliyokuwa ndani ya mpira yanateremka kurudi ziwani. Yanapoteremka yanavuta na dawa iliyo ndani ya pipa. Mahali hapo hapo pengine akina mama wanachota maji ya kunywa, na watoto wanaoga.

Mjini Mwanza jambo hili laweza kutokea hata kwa maji ya bomba. Mji ule umejengwa juu ya vilima vya mawe. Maji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa, kisha husukumwa kupanda juu. Umeme ukikatika, au bomba likipasuka huko bondeni, maji yaliyoko mlimani huteremka. Bomba likiwa tupu hunyonya, kama mtoto anyonyavyo soda kwa mrija. Kama mpira wa bustani yako umelala ndani ya ndoo ya dawa, dawa hiyo huingia bombani. Maji yakirudi, jirani anafungua koki na kujaza mtungi wake. Hajui lolote. Wewe pia hujui.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1933, katika mji wa Chicago huko Marekani, maji machafu yaliingia katika mabomba ya maji ya kunywa ndani ya hoteli. Watu 98 walikufa kwa ugonjwa wa kuhara damu. Na sisi wa kanda ya Ziwa tunaijua hasara ya sumu. Mwaka 1999 nchi za Ulaya ziliacha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya wadudu. Safari ile sumu haikutoka mashambani. Walilaumiwa watu waliovua kwa sumu. Lakini hasara iliwapata hata wavuvi waliotumia nyavu.

Kinga ya kwanza haina gharama. Usizamishe mpira ndani ya pipa. Uache uning'inie juu ya mdomo wa pipa. Nafasi kati ya mpira na pipa iwe walau mara mbili ya upana wa mpira. Hewa ikiwapo katikati, dawa haiwezi kuvutwa. Mimi naona hii ndiyo kinga bora kuliko zote, maana hewa haichakai.

Kinga ya pili ni valvu ya kuzuia maji kurudi. Hiki ni kilango kidogo kinachofunguka upande mmoja tu. Maji yakienda mbele kinafunguka. Yakitaka kurudi kinajifunga. Wenye pampu wengi wanacho tayari, kwenye ncha ya bomba iliyomo ziwani. Shida ni kwamba hawakikagui. Mchanga, majani au konokono wakinasa hapo, kilango hakifungi.

Kukipima ni rahisi. Zima pampu. Jaza maji katika bomba la kuvutia mpaka juu. Ngoja dakika 10. Maji yakishuka, kilango kinavuja, au bomba lenyewe limetoboka. Kitoe, ukisafishe, ukipime tena. Mpira wake ukiwa umechakaa, nunua mwingine. Kama kila asubuhi unalazimika kuijaza pampu maji upya ndipo iwake na kuvuta, basi jibu unalo tayari. Wakulima wengi huona huo ni usumbufu tu. Kumbe ni dalili ya ubovu.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pipa la dawa lichanganyiwe mbali na maji. Anayetaka kuvuta maji kwa kilimo aulize habari za kibali katika Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyoko Mwanza. Na kwa valvu mpya, nenda kwa fundi ukiwa na kipimo cha bomba lako mkononi.