Uzi Unaozuia Risasi: Unavyotengenezwa, na Kwa Nini Fulana Kuukuu Isiaminiwe kwa Macho

Katika mikutano ya ujirani mwema ambayo polisi hufanya na wananchi wa mipakani, lipo swali lisilokosekana, hasa vijana wakiwapo: fulana ile nene anayoivaa askari juu ya sare yake ina nini ndani? Wapo wanaoamini kuwa imejazwa vipande vya chuma. Wapo pia wanaosema, kwa sauti ya chini, kwamba imefanyiwa dawa. Hao hawastahili kuchekwa, kwani ukanda wetu huu una historia ndefu ya watu walioingia vitani wakitumaini dawa dhidi ya risasi, na wapiganaji wa Maji Maji wa mwaka 1905 ni mfano unaofundishwa shuleni hadi leo.

Jibu sahihi ni kwamba ndani ya fulana ya kawaida ya kuzuia risasi mna kitambaa. Ni tabaka nyingi za kitambaa, aghalabu 20 au zaidi, zilizopangwa moja juu ya nyingine na kufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ajabu haimo katika ushonaji bali katika uzi uliofumwa. Tumeona vema kuueleza uzi huo kwa kirefu, kwa sababu fulana zilizokwisha kutumika huuzwa mikononi katika nchi nyingi, na anayemnunulia mlinzi wa ghala au dereva wa lori fulana ya namna hiyo anapaswa kujua ni kitu gani anachokilipia.

Aliyeugundua uzi huo ni Stephanie Kwolek, mwanakemia wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1923 katika jimbo la Pennsylvania. Aliajiriwa na kampuni ya DuPont mwaka 1946, akikusudia kuchuma fedha za kusomea udaktari, lakini utafiti ukamnogea akabaki huko hadi alipostaafu. Katikati ya miaka ya 1960 kikundi chake kilipewa kazi ya kutafuta uzi mwepesi na mgumu wa kuimarishia matairi ya magari, ili magari yapungue uzito na yatumie petroli kidogo. Hakuna aliyekuwa akifikiria risasi.

Mwaka 1965 Kwolek alipata mmumunyo wa ajabu. Mimumunyo ya kawaida ya kutengenezea nyuzi za nailoni na jamii yake ni mizito na maangavu kama asali. Wa kwake ulikuwa mwepesi kama maji, tena wenye ukungu kama maziwa yaliyotolewa siagi. Fundi aliyesimamia mashine ya kuzalishia nyuzi alikataa kuupitisha, akihofia kwamba ukungu ule ulikuwa chembechembe ambazo zingeziba matundu. Kwolek aliuchuja, akasisitiza, na baada ya kushawishiwa fundi akakubali. Uzi uliotoka haukukatika pale ambapo nailoni ingekatika, na vipimo vya ugumu wake vilikuwa vikubwa kiasi kwamba alivirudia mara kadhaa kabla ya kumwambia mtu yeyote. Kampuni iliuita Kevlar, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukaanza kuuzwa. Wataalamu huziita nyuzi za jamii hiyo aramidi.

Je, ukungu ule ulikuwa nini? Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Friedrich Reinitzer, alikuwa ameona kitu kilichoyeyuka mara mbili: katika nyuzijoto 145.5 kiligeuka kimiminika chenye ukungu, na katika nyuzijoto 178.5 ukungu ukaondoka. Kati ya joto hilo na lile, kitu kile kilitiririka kama maji ilhali molekuli zake zilikuwa zimejipanga kwa utaratibu kama katika fuwele ya chumvi. Hali hiyo huitwa fuwele kimiminika. Vioo vingi vya simu na televisheni hufanya kazi kwa kutumia vitu vya hali hiyo hiyo, kwa hiyo msomaji amekuwa akiitumia bila kuijua.

Ili kuielewa, tufikirie tambi. Molekuli za nailoni ni ndefu na laini mithili ya tambi zilizopikwa: zimejikunja na kuviringana sufuriani, na ukizivuta kwanza hukunjuka kabla ya kukaza. Molekuli za polima ya Kwolek ni ndefu lakini ngumu mithili ya tambi mbichi. Ukitia tambi mbichi chache katika beseni la maji, kila moja itaelekea upande wake. Ukizidi kuziongeza, inafika hatua ambapo hazina nafasi ya kulala upendavyo. Zitalazimika kulala sambamba, zote zikielekea upande mmoja. Zikilala hivyo huteleza zenyewe kwa zenyewe, na ndiyo maana mmumunyo ulikuwa mwepesi ingawa ulibeba polima nyingi. Ukungu ulitokana na makundi madogo madogo ya molekuli zilizojipanga, kila kundi likielekea kwake. Hapakuwa na uchafu wowote.

Kiwandani, kemikali mbili zitokanazo na mafuta ya petroli huunganishwa mpaka ziwe minyororo mirefu ya polima. Polima hiyo haiyeyuki katika maji, na ukiipasha moto ili iyeyuke kama plastiki ya kawaida, huungua kabla ya kuyeyuka. Kinachoiyeyusha ni asidi ya salfa iliyo kali kabisa, ambayo ni ndugu wa maji ya betri ya gari lakini haikuchanganywa na maji. Kwa kila kilo 1 ya polima huwekwa takriban kilo 4 za asidi. Mchanganyiko huo ukipoa huganda, kwa hiyo hupashwa hadi kama nyuzijoto 80, nao hutiririka.

Kisha husukumwa kupitia sahani ya chuma yenye matundu madogo sana. Molekuli zilizokwisha kujipanga katika vikundi hupita tunduni zikinyoshwa, kama magogo yaliyokuwa yakielea ovyo ziwani yanavyonyooka yanapoingia katika mkondo mwembamba wa mto. Baada ya tundu, uzi hupita katika hewa kwa umbali mfupi, kiasi cha sentimita moja hivi, huku ukivutwa kwa nguvu, halafu hutumbukia katika maji ya baridi sana. Maji huondoa asidi na kuugandisha uzi ghafla, molekuli zikiwa bado zimenyooka. Mbinu hiyo ya kuacha pengo la hewa ilibuniwa na Herbert Blades wa kampuni hiyo hiyo, na bila yake uzi usingekuwa na nguvu tuijuayo leo. Hatimaye uzi huoshwa, mabaki ya asidi huzimuliwa, na hukaushwa kwa joto. Hutoka wa manjano, mwembamba mara tano au sita kuliko unywele wa mtu. Kufanya kazi na asidi ya namna ile kunahitaji mitambo ya gharama kubwa na uoshaji wa uangalifu, na hapo ndipo inapotoka sehemu kubwa ya bei.

Waliowahi kuona mkongo wa mawasiliano uliokatwa kando ya barabara huenda wameziona nyuzi hizo bila kuzitambua. Mara nyingi nyuzi laini za manjano zinazouzunguka moyo wa mkongo ni aramidi, zimewekwa humo ili mkongo usikatike unapovutwa. Hazina thamani yoyote kwa anayeukata.

Uzito wa Kevlar kwa ujazo ni chini ya robo ya ule wa chuma. Ukichukua uzito ulio sawa, uzi huo huhimili mvuto takriban mara tano ya chuma. Hauyeyuki, huanza kuharibika kwa joto linalozidi nyuzijoto 400, na kwa hiyo hutumika pia katika glavu za wazima moto. Lakini nguvu hiyo yote imo katika urefu wake. Kati ya molekuli na molekuli jirani, kifungo ni dhaifu mno. Fikiria tita la fito zilizofungwa pamoja: ukilivuta kwa urefu hulikati, lakini ukipasua kwa panga kwa urefu huo huo, fito zinaachana. Nyuzi za aramidi zikikunjwa na kubanwa mara kwa mara hupasuka ndani kwa ndani namna hiyo.

Risasi ya bastola inapogonga fulana, nyuzi zilizoguswa hukaza na kuusambaza mshindo kwa kasi kwenda pembeni, tabaka baada ya tabaka, huku risasi ikibonyea na kupanuka kama uyoga. Tarehe 23 Desemba 1975, mjini Seattle, askari aliyekuwa katika majaribio ya fulana hizo alipigwa risasi dukani akanusurika. Taasisi ya utafiti ya wizara ya sheria ya Marekani inahesabu askari zaidi ya 3,000 waliookolewa na fulana tangu wakati huo.

Hata hivyo, kuzuia si kufuta. Katika vipimo vinavyotumika kimataifa, fulana hufungwa juu ya udongo wa mfinyanzi na kupigwa risasi. Huhesabiwa kuwa imefaulu ikiwa shimo lililobonyea katika udongo halizidi milimita 44. Milimita 44 kifuani mwa mtu ni pigo kubwa. Mtu aliyepigwa akiwa na fulana apelekwe hospitali hata kama hana tone la damu. Aidha, fulana laini imekusudiwa kwa risasi za bastola. Risasi ya bunduki ya AK-47 huipenya, mpaka liongezwe bamba gumu mbele na nyuma. Kisu chembamba na mkuki vyaweza kusogeza nyuzi kando na kupita, kwa kuwa vimechongoka. Zipo fulana zilizofumwa mahsusi kwa ajili ya visu, nazo ni nyingine.

Somo zito zaidi lilitoka kwa uzi wa jamii hiyo uitwao Zylon, uliotengenezwa na kampuni ya Toyobo ya Japani. Nao huzalishwa kutoka fuwele kimiminika katika asidi, na ukiwa mpya nguvu yake inakaribia mara mbili ya Kevlar. Fulana zake zilikuwa nyembamba na nyepesi, na askari wengi wa Marekani walizipenda. Mwezi Juni 2003, katika mji wa Forest Hills, Pennsylvania, askari mmoja alijeruhiwa baada ya risasi kupenya fulana yake ya Zylon ambayo ilikuwa bado mpya. Serikali ikaagiza uchunguzi. Fulana 103 zilizokwisha kutumika zilipigwa risasi katika maabara. 60 kati yake zilipenywa walau mara moja. Unyevu ulikuwa umeingia na kuivunja minyororo ya polima kidogo kidogo. Mwezi Agosti 2005 Zylon iliondolewa katika orodha ya vitambaa vinavyokubaliwa kwa kazi hiyo. Jambo la kutisha ni kwamba zile fulana, kwa kuzitazama, zilikuwa nzuri.

Si nyuzi zote za fuwele kimiminika zilizo na udhaifu huo. Vectran, ambayo huzalishwa Japani, huyeyushwa kwa joto bila asidi, na hainywi maji karibu kabisa. Mifuko ya hewa iliyokidundisha chombo cha Pathfinder kilipotua juu ya sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997 ilifumwa kwa uzi huo, nao hutumika katika kamba za meli. Lakini hata wenyewe hudhoofishwa na mwanga wa jua, kama ilivyo Kevlar.

Basi mwananchi akiuziwa fulana njiani, akaambiwa imetoka nchi jirani na bado ni imara, akumbuke kwamba jicho haliwezi kuona molekuli zilizokatika, wala mkono hauwezi kuzigusa. Watengenezaji wengi hudhamini fulana kwa miaka 5 tu. Atazame kitambulisho kilichoshonwa kwenye kidani chenyewe, si kwenye gamba la nje: kinapaswa kuonyesha mtengenezaji, tarehe, na kiwango cha risasi. Kisiposomeka, hapo hapana fulana. Na kabla ya kuinunua au kuivusha mpakani, aulize kituo cha polisi kilicho karibu sheria inaruhusu nini, kwani masharti hutofautiana nchi na nchi. Aliyeiokota ailete kituoni.

Walinzi waliopewa fulana na waajiri wao waitunze hivi. Gamba la nje hufuliwa baada ya kidani kutolewa. Kidani hupanguswa tu kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, kisha hukaushwa kivulini kikiwa kimelazwa. Kisianikwe juani, kisipigwe pasi, na kisiguswe na jiki, kwani klorini huila aramidi. Kisikunjwe na kukaliwa kama mto katika zamu ya usiku. Mfuko wake ukichanika na maji yakaingia, kirudishwe kwa mwajiri, maana kitambaa kilicholowa huzuia risasi vibaya kuliko kikavu. Na fulana iliyokwisha kupigwa risasi mara moja haivaliwi tena, hata kama tundu ni dogo na lilikuwa pembeni.